Saa tano kufunga taa mbili: pesa ya ufundi inakwenda wapi?

Swali: Fundi, habari za kazi. Nimenunua jozi ya taa za LED za ziada kwa ajili ya pikipiki yangu. Ni pikipiki ya safari ndefu, ina kava kubwa mbele na kinga za chuma pembeni mwa injini. Boksi lilikuja na nyaya zake, rilei na swichi. Nilipompelekea fundi akasema kazi ni ya saa tano, na hesabu yake ya ufundi inakaribia bei niliyonunulia taa. Shemeji yangu anasema hiyo ni kazi ya saa moja, nyaya mbili tu, mwekundu na mweusi. Nani mkweli? Na nikifunga mwenyewe nitaokoa kiasi gani?

Jibu: Njema, ndugu yangu. Shemeji yako na fundi wako wote wanasema kweli, ila kila mmoja ana kazi yake kichwani. Shemeji anahesabu muda wa kuzifanya taa ziwake. Fundi anahesabu muda wa kuzifanya ziwe bado zinawaka mwaka wa tatu, baada ya mvua, vumbi na mtikisiko, bila kuua betri wala kuunguza waya. Kwa pikipiki uliyoieleza, mimi ningekutajia saa tatu na nusu hadi nne na nusu, na nisingeapa kwamba ya tano haitaguswa. Kwa hiyo fundi wako amejiwekea akiba kidogo, hajakuibia. Saa moja inawezekana, lakini kwa pikipiki isiyo na kava, na taa zinazochomekwa kwenye plagi iliyokwisha kuandaliwa kiwandani. Yako siyo hiyo.

Si zamani nilifunga jozi kama yako kwenye pikipiki ya umbo hilohilo, na kwa kuwa mwenyewe alikuwa amekaa pembeni akiangalia saa, nami nikaamua kuiangalia. Kila hatua niliiandika kwa chaki ukutani. Kuzifunga taa zenyewe kwenye zile kinga, yaani vibanio viwili, boliti nne na vipande vya mpira ili chuma kisikwaruze chuma, kulichukua dakika 20. Kufungua kiti, kava za pembeni, kava la mbele na tangi, kisha kuvirudisha vyote, kulikula dakika 80. Kuupitisha waya kutoka betri hadi mbele, kuufunga kwenye chasi, kupeleka swichi kwenye usukani na kutafuta waya wa kuiamsha rilei (ile swichi inayowashwa kwa umeme mdogo), dakika 85. Kubana maungio, dakika 30. Zilizobaki, dakika 45, ziliishia kwenye kupima: betri na taa zote kabla sijagusa kitu, mfumo mzima baada ya kuunganisha, na mwisho kulenga taa ukutani. Jumlisha: dakika 260, yaani saa nne na dakika 20. Zile taa alizokuwa akizisubiri kwa hamu zilikula sehemu moja kati ya 13 ya muda huo.

Ukiziangalia hizo namba vizuri utaona kwamba unachomlipa fundi ni njia ya waya. Taa ziko mbele, betri iko chini ya kiti au ubavuni, na katikati yake kuna tangi, kava na mambo mengine ambayo kiwanda hakikuyapanga kwa ajili ya mgeni. Ndiyo maana pikipiki mbili zilizofungwa taa zilezile zinaweza kupishana kwa saa nne. Ile iliyo uchi, ambayo injini na chasi vinaonekana, ni ya saa moja na nusu hadi mbili. Ile kubwa ya kifalme, yenye redio, mabegi na plastiki kila kona, inaweza kufika saa sita, na fundi asinyooshe mgongo. Na plastiki ni kitu cha kuombea. Zile klipu zake, zikishakaa juani miaka kadhaa, hukatika kama ganda la yai. Kuiondoa moja taratibu kwa kidole na bisibisi bapa kunachukua dakika moja. Kuing'oa kwa pupa ni sekunde tano, kisha una kava linalopiga kelele barabarani maisha yake yote. Huyo anayekuambia saa moja, muulize anaondoa kava au anapitisha waya juu yake.

Sehemu moja nataka nikusogeze karibu uione kwa macho, kwa sababu ndipo kazi ya haraka inapofia: shingo ya usukani. Swichi yako itakaa kwenye mpini, kwa hiyo lazima waya wake uvuke kutoka sehemu inayogeuka kwenda sehemu isiyogeuka. Ukiubana kwa kukaza, kila ukikata kona unavutwa. Ukiulegeza ovyo, unaingia kati ya chasi na kile kizuizi kinachosimamisha usukani mwisho wa kona, unakuwa unatafunwa kidogokidogo. Niliwahi kuletewa pikipiki iliyokuwa ikiunguza fyuzi, lakini ikigeuzwa kushoto tu. Ukienda moja kwa moja hakuna neno. Ukigeuka kulia, hakuna neno. Mwenyewe alikuwa anaingiza pikipiki kwake kwa kukata kushoto, kwa hiyo kila jioni taa zilikufa mlangoni, na asubuhi anaweka fyuzi mpya. Tulihangaika nayo saa mbili, na tulichokuta ni kijeraha cha milimita tatu kwenye ganda la waya mwekundu, pale hasa palipokuwa panagusa chasi usukani ukifika mwisho. Kutengeneza kulichukua dakika kumi. Saa mbili za kutafuta alizilipa, na zilizidi pesa aliyookoa alipofungiwa kwa bei rahisi.

Yule bwana alikuwa na bahati, maana fyuzi ilikuwepo. Waya unaotoka betri bila fyuzi ukijeruhiwa namna ile, wenyewe ndio unageuka fyuzi, na unaungua ukiwa chini ya tangi la petroli. Ndiyo maana fyuzi hukaa karibu kabisa na betri, sentimita 15 au 20 kutoka kwenye kichwa chake, na wala haiwekwi mbele karibu na taa. Fyuzi inaulinda waya ulio mbele yake tu. Kipande kilicho kati yake na betri hakina mlinzi, kwa hiyo kiwe kifupi.

Sasa hiyo rilei iliyokuja kwenye boksi. Watu wengi huiona kama kidude cha kuongeza bei, wakati kazi yake ni kumfanya kibarua mdogo amwamrishe kibarua mkubwa. Ina miguu yenye namba. Mguu wa 30 unapokea umeme kutoka betri kupitia fyuzi. Mguu wa 87 unaupeleka kwenye taa. Miguu ya 85 na 86 ni ya koili ya ndani: mmoja unakwenda athi (upande hasi), mwingine unapokea ishara kutoka kwenye waya wa pikipiki unaopata umeme ufunguo ukiwashwa, ukipitia kwenye swichi yako ya usukani. Koili hiyo haifiki hata robo ampea, kwa hiyo swichi yako na waya wa kiwandani havibebi mzigo wowote wa maana. Mzigo wote unapita njia yake kutoka betri. Ukikuta rilei ina mguu wa tano katikati, ulioandikwa 87a, usiuguse. Huo hupata umeme rilei ikiwa imelala, kinyume cha 87. Nimeona taa zilizofungwa kwenye 87a: unazima pikipiki unakwenda kulala, zenyewe zinaamka na kukesha, asubuhi betri haina hata nguvu ya kupiga honi.

Ule waya wa ishara ndio unaogawa mafundi. Mmoja anauchukua kwenye taa ya nyuma, kwa sababu iko karibu na betri na hahitaji kufungua mbele. Kazi inapungua nusu saa, na si vibaya kama taa zako ni za ukungu au za kukufanya uonekane mchana. Lakini kama ni zile zenye mwanga mrefu wa kuchoma mbali, zinatakiwa ziwake na fulu na zizimike ukirudi dimu. Hapo ishara lazima itoke kwenye waya wa fulu, ulioko nyuma ya taa kubwa, na huko hakufikiki bila kufungua. Kwa hiyo kabla hujambana fundi juu ya saa, mwambie unataka taa ziwake lini. Wateja wengi hawasemi, fundi anachagua njia iliyo fupi kwake, kisha wanarudi kulalamika kwamba kila gari linalokuja linawapigia fulu. Kubadilisha baadaye ni kulipia kufungua kava kwa mara ya pili.

Hesabu ya umeme yenyewe ni fupi: wati gawanya kwa volti, unapata ampea. Jozi ya LED yenye wati 20 kila moja ni wati 40, gawanya kwa 12, ni ampea 3.3. Waya wa milimita moja ya mraba unatosha na fyuzi ya ampea 5 inatosha. Zile halojeni za zamani za wati 55 ni wati 110 kwa jozi, ampea zaidi ya 9, na hapo unataka waya wa milimita mbili na nusu za mraba na fyuzi ya ampea 15. Pikipiki kubwa za safari hazisumbuliwi na wati 40. Ndogo ndizo za kuangaliwa, kwa sababu koili zao za kuchaji hazizalishi ziada kubwa, na hiyo ziada yenyewe hupatikana injini ikizunguka vizuri, siyo ikiwa imesimama kwenye foleni inanguruma taratibu. Na namba iliyoandikwa kwenye boksi la taa za LED usiiamini kama msahafu. Wauzaji wa taa rahisi huandika wati wanazotamani. Fundi mwenye akili anapitisha mita ya ampea kwenye waya kabla ya kufunga chochote. Ni dakika tano, na mara nyingi boksi linasema wati 60 na hesabu ya mita inatoa 18.

Mita hiyohiyo ndiyo inayokuambia kama pikipiki imeukubali mzigo. Betri nzima iliyopumzika inasoma volti 12.6 hivi. Injini ikizunguka inatakiwa isome kati ya 13.5 na 14.5. Washa taa zote, na kama una mipini ya kupasha joto iwashe nayo, zungusha injini kwa mwendo wa safari. Ikibaki juu ya 13, lala usingizi. Ikishuka chini ya hapo na kuendelea kushuka, unakula akiba ya betri, na siku moja pikipiki itakugomea kuwaka mbali na nyumbani. Mwombe fundi akuonyeshe namba hizo mbili, ya kabla na ya baada. Akikuangalia kama umemtukana, umejua ulikofika.

Kuna jambo moja linaloweza kuzipindua saa zote nilizotaja, nalo ni umri wa pikipiki. Za zamani, waya ulikuwa waya. Za kisasa nyingi vifaa vyake vinaongea kwa mfumo wa CAN, yaani nyaya za pamoja zinazopitisha ujumbe kati ya kompyuta za chombo, ambao Bosch waliutangaza mwaka 1986 kwa ajili ya magari na baadaye ukaingia kwenye pikipiki. BMW waliuweka kwenye R 1200 GS ya mwaka 2004. Humo kompyuta inajua kila taa inakula umeme kiasi gani. Ukidandia waya wa taa ya kiwandani ukaongeza mzigo, kompyuta inadhani kuna shoti, inakata umeme wa njia hiyo au inakuwashia onyo kwenye dashibodi. Fundi asiyejua hili anaweza kupoteza siku nzima akitafuta kosa ambalo ni yeye mwenyewe. Dawa yake ni kuchukua ishara nyepesi mahali panaporuhusiwa, kwa mfano kwenye soketi ya vifaa, au kununua moduli ya kazi hiyo kama HEX ezCAN au CANsmart ya Denali. Hizi huchomekwa kwenye mfumo wa pikipiki, kisha unapanga kwa kompyuta taa ziwake namna gani, na huhitaji rilei wala swichi ya pembeni. Moduli ina bei yake, wakati mwingine inazipita taa. Lakini inafuta karibu saa moja ya ufundi, na inafanya hata dimu na fulu zifuatane bila kutafuta waya. Kama pikipiki yako ni ya aina hiyo, piga hesabu zote mbili kabla ya kukataa.

Turudi kwenye pesa. Gereji huwa na bei ya saa moja, na kazi nyingi za kawaida, kama kurekebisha valvu au kubadilisha cheni, zina muda wake ulioandikwa na kiwanda. Kazi ya taa za kununua pembeni haina muda ulioandikwa, kwa sababu hakuna aliyekaa chini akaandika mkataba kati ya pikipiki yako na taa hizo. Fundi anakisia, na anayekisia kwa riziki yake hukisia kuelekea upande wake. Ukipewa bei moja ya jumla, yeye amebeba hatari ya boliti iliyoshika kutu. Ukilipa kwa saa, umeibeba wewe. Mimi ningechukua bei ya jumla kwa pikipiki yenye kava, na ya saa kwa iliyo uchi, kwa sababu ile ya pili haina pa kuficha maajabu. Au mkubaliane kwa saa lakini kwa kikomo: ikizidi nne na nusu, asimamishe kazi akupigie simu kwanza.

Juu ya ufundi kuna vitu vidogo: ncha za kubana, mirija inayosinyaa kwa joto, tepu ya kitambaa, tai za plastiki, pengine waya mpya. Ukiviona kwenye hesabu usikasirike, ndivyo vinavyokufanya usirudi. Waya unaokuja kwenye boksi umetengenezwa kwa pikipiki yoyote duniani, kwa hiyo kwako unazidi urefu. Fundi mvivu anauviringisha kama nyoka na kuusukuma chini ya kiti. Fundi wa kweli anaukata kwa kipimo na kuubana upya. Ubanaji nao una tabaka zake. Vile vibanio vya rangi vinavyoukata waya kwa jino dogo, unavibonyeza kwa koleo na kazi imekwisha, mimi sivitumii kabisa kwenye pikipiki: jino linakata baadhi ya nyuzi, maji yanaingia, shaba inageuka kijani, na baada ya msimu mmoja wa mvua taa inaanza kukonyeza. Kulehemu kwa risasi kuna wapenzi wake. Tatizo ni kwamba risasi huufanya waya kuwa mgumu pale inapoishia, na mtikisiko hupenda kuuvunja hapohapo. Ncha iliyobanwa kwa koleo lake halisi, ikavikwa mrija wa joto wenye gundi ndani, hiyo ndiyo ninayoilalia.

Umeleta taa zako mwenyewe, nalo fundi atalihesabu hata asipolitamka. Gereji hupata sehemu ya riziki yake kwenye faida ya vifaa. Ukivileta kutoka kwingine, faida hiyo hurudi kupitia saa. Tena, taa ikifa wiki ya pili kwa sababu maji yameingia kwenye kioo, yeye hatakuwa na dhamana nayo, na kufungua tena utalipia. Hilo liulize mapema mkiwa bado mnacheka.

Sasa swali lako la kuokoa. Njia ya kwanza haihitaji hata ushike spana: ngoja. Kama pikipiki ina matengenezo makubwa yanayokuja, kama kusafisha kichujio cha hewa kilicho chini ya tangi au kubadilisha plagi za moto, funga taa siku hiyohiyo. Tangi na kava vitakuwa vimekwisha kutoka, na vilishalipiwa. Kwenye ile kazi yangu ya chaki, hizo ni dakika 80 ambazo nyingi zingeyeyuka. Kwa mantiki hiyohiyo, kama unapanga baadaye kuweka chaja ya simu au soketi, mwambie apitishe waya wa ziada sasa hivi, au afunge kiboksi kidogo cha fyuzi chini ya kiti. Waya wa pili ukifuata njia ya kwanza hauongezi hata nusu saa. Ukiusubiri mwaka mmoja, unalipia plastiki upya.

Njia ya pili ni kugawana kazi. Zifunge taa kwenye kinga mwenyewe, vua kiti na kava za pembeni, kisha uipeleke. Baadhi ya mafundi watakubali, wengine watakataa kwa sababu hawataki kulaumiwa kwa klipu waliyoikuta imevunjika. Muulize kwanza. Usichofanya ni kuanza nyaya ukaishia njiani. Kazi ya nusu ni ghali kuliko kazi nzima, maana fundi atalazimika kusoma mwandiko wako, kuufuta, ndipo aandike wake.

Ukifanya yote mwenyewe kwa mara ya kwanza, tenga siku nzima, saa nane na usijidanganye. Utahitaji mita, koleo la kubania ncha, chanzo cha joto na michoro ya umeme ya pikipiki yako. Anza kwa kung'oa waya hasi wa betri, umalize kwa kuurudisha. Kama huna koleo na mita, kuvinunua kutakula sehemu nzuri ya ulichookoa, ila vitabaki vyako, na jozi ya pili ya taa utaifunga kwa muda wa fundi. Waya upite mbali na bomba la moshi, usipite juu ya injini panapochemka, ufungwe kila baada ya kiganja kimoja au viwili, na ufuate njia ya nyaya za kiwandani. Wahandisi wameshakuonyesha wapi pako salama.

Kabla ya kununua saa za mtu yeyote, tazama kioo cha taa zako. Nchi nyingi zinazofuata kanuni za Umoja wa Mataifa hutaka alama ya herufi E ndani ya duara. Marekani wana alama za SAE, chama cha wahandisi wa magari, ambapo F ni taa ya ukungu na Y ni ya ziada ya kuongezea fulu. Taa isiyo na alama yoyote inaweza kuwa nzuri msituni na ikakuponza barabarani, na fundi makini anaweza kukataa kuiunganisha na taa za kawaida. Ana haki.

Siku ya kuichukua usiishie kuwasha na kushukuru. Geuza usukani mwisho wa kushoto, mwisho wa kulia, taa zikiwa zinawaka, mara kadhaa. Zisikonyeze na usisikie chochote kikivutwa. Zima, chomoa ufunguo, bonyeza swichi ya taa: kusitokee kitu. Piga dimu na fulu uone kama zinatii mlivyokubaliana. Kisha sogeza pikipiki mita 10 kutoka ukutani, sehemu tambarare, na uweke tepu ukutani kwa kimo kilekile cha kitovu cha taa za ziada. Kwa taa za ukungu, ukingo wa juu wa mwanga ukae chini ya tepu kwa sentimita 15 hivi. Lakini kipimo hicho kina maana kama kuna mtu amekaa juu, kwa sababu springi za nyuma zikishuka taa zinainuka, na waliolengewa pikipiki tupu ndio wanaowapofusha wenzao usiku. Hapo ndipo shemeji anapofaa. Mkalishe kwenye kiti, ili mradi hajakuzidi uzito, wewe shika bisibisi.